Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi: Ufundi wa Kufufua Magari Kuukuu Mwanza

Wahenga wetu walituachia methali isemayo kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mara nyingi methali hii hutajwa darasani kama neno la kumfariji mwanafunzi aliyeshindwa mtihani. Ni mara chache tunapokumbuka kwamba ni methali ya kazi, yenye kuzungumza juu ya mhunzi, moto na chuma. Katika makala haya tunakusudia kuirudisha mahali pake, yaani karakanani. Tutaieleza kazi ambayo wengi wetu huiona kila siku bila kuitazama: kazi ya kufufua gari kuukuu, hasa pikapu, uani kwa mtu au chini ya mwembe, katika mji wa Mwanza na vijiji vya pwani ya Ziwa Victoria.

Huenda msomaji akauliza: je, gari nalo ni utamaduni? Ngoma, hadithi, ususi na ufinyanzi tumekwisha kubali kuwa ni urithi wetu. Lakini gari lilibuniwa ugenini, likaletwa kwa meli. Swali hili ni la haki, na jibu letu ni hili. Utamaduni wa watu haupimwi kwa mahali kilipozaliwa chombo, bali kwa yale ambayo watu hao wamejifunza kukifanyia. Pikapu ililetwa na wageni. Lakini maarifa ya kuitunza pasipo vipuri, pasipo kitabu cha maelezo na pasipo umeme wa uhakika, hadi ikaishi mara mbili au tatu ya umri iliyokusudiwa, hayakuletwa na mgeni yeyote. Hayo ni yetu, na yana historia ndefu kuliko historia ya gari lenyewe.

Uhunzi wa kandokando ya ziwa

Nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za kale za uhunzi katika Afrika. Huko Buhaya, magharibi ya ziwa, wataalamu wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa miaka ipatayo 1,500 hadi 2,000. Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliwaomba wazee wa Kihaya waijenge tena tanuri ya jadi na kuyeyusha chuma mbele yao. Wazee hao walikuwa wameiacha kazi hiyo tangu ujana wao, kwa kuwa majembe na vyuma vya kutoka ng'ambo vilikuwa vimekwisha jaza masoko. Hawakufanikiwa mara ya kwanza. Walijaribu, wakakosea, wakakumbushana, hata mwisho chuma kikapatikana. Taarifa ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1978, nayo ilionyesha kwamba joto la tanuri lilizidi nyuzi 1,800 za Sentigredi.

Kusini-magharibi mwa ziwa, katika nchi ya Uzinza, walikuwako Warongo, mabingwa wa kuyeyusha na kufua chuma. Majembe yao yalisafirishwa hadi Usukuma na Unyamwezi, yakauzwa, yakalimia, na tena yakalipwa mahari. Jembe, basi, halikuwa chombo cha shamba tu. Lilikuwa mali, heshima na ahadi baina ya koo mbili. Na lilipolika halikutupwa, bali lilirudishwa motoni likawa kisu au mundu.

Tumeyataja haya kwa sababu mbili. Kwanza, yanatuonyesha kwamba fikra ya kukipa chuma kuukuu maisha mapya haikuanza na gari. Pili, mfano wa wazee wa Buhaya unatufundisha kwamba ujuzi ulio mikononi mwa watu waweza kufufuliwa iwapo tu wenye mikono hiyo bado wanaishi. Wazo hili la pili tutalirudia mwishoni.

Vyombo vilivyokuja vipandevipande

Pwani ya Mwanza ilizoea mapema kuona chombo kikiunganishwa mbele ya macho ya watu. Mwezi Februari 1875 msafara wa Henry Stanley ulifika Kageye, mashariki ya mahali ulipo mji wa Mwanza leo. Wapagazi wake walikuwa wamebeba mashua iliyoitwa Lady Alice, nayo ilikuwa imekatwa vipande ili ichukulike kwa miguu tangu pwani ya Bahari ya Hindi. Hapo Kageye vipande hivyo viliunganishwa, mashua ikashushwa majini. Historia iliandika jina la mashua na jina la mwenye msafara. Mabega yaliyoibeba hayakupewa nafasi kubwa.

Takriban miaka tisini baadaye mambo yalikuwa yale yale kwa kiasi kikubwa zaidi. Meli ya MV Victoria iliundwa Uingereza na kiwanda cha Yarrow cha Glasgow, ikavunjwa vipande, ikaletwa kwa meli na kwa reli hadi Kisumu, ikaunganishwa huko na kuanza kazi mwaka 1961. Kwa zaidi ya nusu karne ilikuwa daraja la watu wa Mwanza na Bukoba. Ilipochakaa haikuuzwa kwa vyuma chakavu. Ilikarabatiwa Mwanza, ikafungwa injini mpya, na mwaka 2020 ikarudi majini. Taifa zima lilishangilia, na lilifanya vema. Lakini yale ambayo taifa liliifanyia meli moja kwa fedha za umma, mafundi wa Igogo, Mabatini na Nyakato wameyafanya kwa magari mengi yasiyoshangiliwa na mtu.

Pikapu na pamba

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Lakini reli hupita njia moja, na mkulima wa pamba yu mbali nayo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kilimo cha pamba kilipanuka sana katika Usukuma, na wakulima wakaanzisha vyama vya ushirika ili wasipunjwe mizani na wanunuzi. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Pamba ilihitaji kutolewa vijijini hadi kwenye vinu vya kuchambulia. Hapo ndipo lori na pikapu zilipopata kazi yao kubwa.

Miongoni mwa magari hayo Land Rover ilipata sifa ya pekee. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 1948, katika maonyesho ya magari ya Amsterdam. Kwa kuwa chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, bodi yake ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, na chasisi yake kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa yakawa kama sanduku refu. Aina iliyojulikana zaidi kwetu ni ile ndefu iitwayo 109, yaani inchi 109 baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ilikuwa gari la bwana shamba, la mmisionari, la katibu wa ushirika na la mganga. Ilichukua pamba wakati wa mavuno, bibi harusi wakati wa arusi, na mgonjwa wakati wa dhiki. Hospitali ya Bugando ilipofunguliwa mwaka 1971, wagonjwa wengi wa vijijini waliifikia wakiwa wamelazwa juu ya godoro nyuma ya pikapu. Gari la namna hiyo haliwi mali ya mwenyewe peke yake; kijiji kizima hulijua kwa mlio wake.

Miaka ya dhiki

Ufundi tunaouzungumzia ulikomaa katika miaka ya shida. Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Kwa mtu wa Dar es Salaam lilikuwa jambo la siasa na biashara. Kwa mtu wa Mwanza, aliyezoea kupata bidhaa kwa njia ya Kisumu na Nairobi, ilikuwa kama kufungiwa mlango wa jirani. Kisha vikaja Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Magari ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari na vyakula mstari wa mbele, na mengi yalirudi yamechoka. Vita vilipokwisha, fedha za kigeni zilikuwa zimekwisha pia.

Katika miaka hiyo kipuri kimoja kiliweza kulisimamisha gari mwaka mzima. Waliokuwa na magari walikuwa na njia mbili tu: kuliacha lioze au kumwendea fundi. Fundi naye hakuwa na duka la kumtuma mtu. Alichonga gasketi kwa karatasi ngumu, akiibandika juu ya chuma na kuigongagonga pembeni kwa nyundo ndogo mpaka ikakatika kwa umbo lake. Alikata bushi kutoka katika mpira wa tairi kuukuu. Alitoa boliti katika lori lililokufa akaitia katika pikapu inayoumwa. Jina la Makoroboi, eneo la biashara katikati ya mji wa Mwanza, latukumbusha kwamba mji huu ulikuwa na mafundi wa kugeuza makopo matupu kuwa taa muda mrefu kabla hatujaanza kuzungumzia kuhifadhi mazingira. Fundi wa gari alikuwa ndugu wa fundi wa koroboi.

Namna kazi inavyofanyika

Tuchukue mfano wa Land Rover 109 iliyolala miaka mingi uani, kuku wakitaga mayai chini ya kiti chake. Mwenye gari anataka kuifufua. Kazi huanzia wapi?

Huanza kwa sikio. Fundi huizunguka chasisi akiigonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito, kama chungu chenye ufa. Chasisi ya Land Rover huoza kutoka ndani, kwa sababu maji na tope huingia katika lile sanduku na kukaa humo. Rangi ya nje yaweza kupendeza huku ndani hamna kitu. Pale ambapo aluminiamu ya bodi imegusana na chuma cha fremu, na unyevu umeingia kati yao, aluminiamu huliwa ikageuka unga mweupe. Fundi asiyejua kusikiliza atapaka rangi juu ya uozo.

Baada ya ukaguzi gari hufunguliwa. Hii ni hatua ya subira. Nati zilizogandamana huloweshwa mafuta na kuachwa hata siku kadhaa, anayezilazimisha huzivunja. Kila kinachofunguliwa huwekwa katika kopo lake, na nati hurudishwa katika boliti yake ili isipotee. Fundi mzuri hufungua huku akifikiria kufunga. Wapo wanaochora picha mchangani au katika daftari, na wapo wanaotegemea kichwa tu, wakaweza kulikusanya tena gari lililokaa makoponi miezi sita.

Sehemu za chasisi zilizooza hukatwa, na vibamba vipya huchomelewa mahali pake. Bodi huwa na namna yake. Aluminiamu ikigongwa sana hukakamaa na kupasuka, hivyo ni lazima ilainishwe kwa moto. Lakini tofauti na chuma, haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Mafundi wa bodi wana hila ya siku nyingi: hupaka sabuni ya kipande juu ya bamba, kisha huliwasha moto taratibu, sabuni ikigeuka nyeusi, moto umetosha. Kisha bamba hulazwa juu ya gogo au mfuko wa mchanga na kunyooshwa kwa nyundo, kidogo kidogo. Hapa twaona fuawe na nyundo za kale zikiendelea na kazi yake katika chuma kipya.

Injini hushushwa, ikasafishwa, pistoni na valvu zikakaguliwa. Injini ya petroli ya Land Rover za miaka ya 1960, yenye ujazo wa sentimeta za ujazo 2,286, haina kompyuta wala siri. Ina kabureta, plagi na koili, na betri ikiisha nguvu huwashwa kwa hendeli. Ni injini ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuielewa kwa macho yake: hapa petroli huingia, hapa cheche huruka, hapa moshi hutoka. Wengi wa mafundi wetu walijifunza fizikia yao hapo, bila kujua kwamba jina lake ni fizikia.

Mwisho huja rangi. Na hapa gari husimulia habari zake. Msasa unapoondoa tabaka la juu, tabaka jingine hutokea chini yake, na jingine tena. Gari lililoanza kazi katika chama cha ushirika huenda likapatikana na maandishi yaliyofifia mlangoni. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, mali zake nyingi zilipita mikononi mwa mamlaka za mazao, na magari ya mashirika yalibeba herufi SU, yaani Shirika la Umma. Vyama vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na katika miaka iliyofuata magari mengi yaliyochakaa yaliuzwa kwa watu binafsi. Hivyo mlango mmoja wa pikapu waweza kuwa na kurasa tatu au nne za historia ya nchi. Anayeukwangua bila kutazama amechoma kitabu.

Fundi wa kweli na mbabaishaji

Hatutaki kusifu kila kitu. Miaka ya dhiki ilizaa mafundi hodari, lakini pia ilizaa kazi za kulipua. Bushi ya springi iliyokatwa kutoka katika tairi haina neno. Ikiharibika, gari litapiga kelele. Breki iliyobabaishwa ni jambo jingine: ikiharibika, watu watakufa. Barabara zetu zimebeba misiba mingi, na baadhi yake ilianza na mtu aliyesema "itafika tu". Wenyewe mafundi wanaijua tofauti hii. Gari lisilotulia wamelipa jina la "spana mkononi", na lililochoka kabisa huliita "mkweche". Majina hayo ni mzaha, lakini ndani yake mna hukumu. Ufundi si kulifanya gari litembee leo. Ni kujua kipi chaweza kubuniwa na kipi hakibuniwi kamwe.

Tofauti hiyo haikufundishwa kwa vitabu. Ilifundishwa na mfumo wa "saidia fundi". Kijana huanza kwa kufagia, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kutambua spana kwa namba yake. Baadaye huruhusiwa kufungua magurudumu, kisha breki, kisha giaboksi. Injini huja mwisho, baada ya miaka. Serikali nayo ilijenga njia yake: Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO, mwaka 1973, kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu, Kibaha, mwaka 1985, na Mamlaka ya Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, kwa sheria ya mwaka 1994. Njia hizi mbili hazipaswi kutazamana kama maadui. Chuo humpa kijana kanuni na vipimo. Mwembe humpa sikio na subira. Aliye na kimoja tu ni nusu ya fundi.

Yaliyo hatarini

Leo hali imebadilika. Tangu mlango wa biashara ulipofunguliwa, magari yaliyotumika kutoka Japani yamejaza barabara zetu. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa mwaka 2025, limemwondolea mwenye gari saa za kungoja kivuko. Hayo ni maendeleo, na hatuna haja ya kuyalilia. Lakini gari la sasa huulizwa ugonjwa wake kwa kompyuta, na kipuri chake hubadilishwa, hakitengenezwi. Wakati huohuo wanunuzi wa vyuma chakavu hupita vijijini wakipima kwa kilo vitu ambavyo thamani yake haipimwi kwa kilo. Pikapu iliyobeba pamba ya kijiji kwa miaka thelathini hukatwa kwa moto kwa mchana mmoja.

Wapo walioanza kuamka. Mwezi Oktoba 2024 mamia ya Land Rover, mpya na kuukuu, zilikusanyika Arusha katika tamasha, na watu walishangaa kuona magari ya enzi za babu zao yakitembea kwa nguvu zake yenyewe. Lakini tamasha ni la siku chache, na macho ya watazamaji huvutwa na gari. Ni nani aliyeandika majina ya waliolitengeneza? Tumerudia kosa la Kageye: tunaikumbuka mashua, tunayasahau mabega.

Kwa hiyo tunawageukia walimu na wanafunzi. Kila shule ya sekondari kandokando ya ziwa ina gereji isiyo mbali nayo, na katika gereji hiyo yupo mzee. Mwulizeni alijifunza kwa nani, katika mwaka gani, na kwa gari gani. Andikeni majina ya zana kama anavyoyataja, na hila zake kama anavyozieleza. Maneno hayo mengi hayamo katika kamusi. Ombeni kutazama gari likifunguliwa, na msasa ukifika mlangoni, pigeni picha kila tabaka. Pale Bujora, Kisesa, tunayo Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950, ambamo ngoma na vyombo vya watemi vimehifadhiwa. Hatuoni sababu kwa nini siku moja pikapu ya pamba, iliyofufuliwa na mikono ya Mwanza, isisimame karibu na ngoma hizo.

Wazee wa Buhaya waliweza kuiwasha tena tanuri yao kwa sababu mtu alifika kuwauliza kabla hawajaondoka. Koleo lilikuwa limevunjika, lakini wahunzi walikuwapo. Siku wahunzi watakapokuwa wameondoka bila kuulizwa, tutabaki na methali, na hatutakuwa na mtu wa kutuonyesha koleo linashikwaje.